Nusu saa mkekani: mwongozo wa kumsaidia mtoto aliyeumia kwa njia ya mchezo, kwa wazazi na walezi wa Mwanza na visiwani

Bibi mmoja kutoka mwalo wa Ilemela aliniletea mjukuu wake wa miaka 6. Shida aliyoitaja ilikuwa moja tu: mtoto haongei. Baba yake alitoka usiku kwenda kuvua dagaa, mtumbwi ukarudi bila yeye, na nyumbani wakaamua kumwambia mtoto kwamba baba amesafiri. Tangu siku hiyo mtoto akaanza tena kukojoa kitandani, akawa mgomvi shuleni, na jioni akikosekana wanamkuta mwaloni amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Bibi alikuwa amemuuliza kwa upole, akamuuliza kwa ukali, akamnunulia soda, mwisho akamchapa. Hakikutoka kitu.

Nilimpa mtoto beseni la mchanga, vizibo vya soda na vijiti. Hakuitikia hata salamu. Kwa nusu saa nzima alichimba shimo, akafukia kijiti, akakifukua, akakifukia tena. Alipofika mara ya tano au ya sita bibi akajishika mdomo. Alikuwa ameelewa kwamba mtoto anajua, na kwamba amekuwa akisema kwa mikono muda wote huo ila hakuna aliyekaa kumtazama.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya watu kama bibi yule. Unahusu watoto wa miaka 3 hadi 10 au 11 hivi, waliopitia msiba, wazazi kuachana, kuhamishwa kwa ndugu, ugomvi wa nyumbani, ugonjwa mrefu au ajali. Hautakufanya uwe mnasihi, na baadaye nitaeleza ni wapi mkeka wako hautoshi. Utakufundisha kukaa na mtoto wako kwa namna ambayo watu wazima wengi hatujawahi kukaliwa nayo.

Tiba hii imetoka wapi

Wataalamu huiita tiba kwa njia ya mchezo. Usiichanganye na tiba ya wanamichezo, ile ya magoti na misuli. Huko London, mwishoni mwa miaka ya 1920, daktari Margaret Lowenfeld aliwapa watoto sinia za mchanga na vitu vidogo vidogo ili wajenge dunia wanayoiona wao. Marekani, katika miaka ya 1940, Virginia Axline aliweka msingi ambao wengi wanaufuata mpaka leo: mtoto ndiye anayeongoza, mtu mzima anafuata. Katika miaka ya 1960 Bernard na Louise Guerney wakaenda mbele zaidi, wakaanza kuwafundisha wazazi wenyewe kuendesha vikao vya mchezo na watoto wao chini ya uangalizi wa mtaalamu. Garry Landreth na Sue Bratton baadaye wakautengeneza mpango huo uwe wa wiki 10.

Mimi nafuata njia hiyo ya wazazi. Sababu ni kwamba wanasihi wa watoto kwetu ni wachache, na kutoka Ukara au Kome kuja mjini kila wiki ni nauli na siku nzima ya kazi. Sababu kubwa zaidi ni kwamba mimi nikimaliza kazi naenda kwangu, wewe ndiye utakayekuwa naye usiku akishtuka. Kama kuna mnasihi au afisa ustawi wa jamii unayeweza kumfikia hata mara moja kwa mwezi, mweleze unachofanya na umuombe akuangalie.

Hatua ya 1: Anzia zahanati

Mtoto anayekojoa kitandani anaweza kuwa na maambukizi ya njia ya mkojo. Anayezubaa darasani huenda hasikii vizuri, ana minyoo imemmaliza damu, au ana kifafa cha aina ile isiyomwangusha, anaganda tu sekunde chache kisha anaendelea. Tumbo linalouma kila asubuhi ya shule linaweza kuwa hofu, na linaweza pia kuwa kichocho, maana huku ziwani tunaoga, tunafua na kuchota maji kule kule. Mpeleke apimwe kwanza. Nimeona mtoto akiombewa na kuchapwa kwa ukaidi kumbe sikio lilikuwa linatoa usaha.

Hatua ya 2: Mwambieni ukweli

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi hukwama. Huwezi kumsaidia mtoto kwa mchezo huku nyumba nzima inamficha jambo analolijua nusu nusu.

Ziwa letu linaua. Mwanza haijasahau tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu kabisa na kufika bandarini, na watu wengi wakazikwa kwa pamoja Igoma. Ukerewe haijasahau tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka ikiwa inakaribia gati la Ukara na kuua zaidi ya watu 220. Hizo ndizo zilizotangazwa redioni. Mtumbwi mmoja mmoja unaopotea usiku wa upepo hautangazwi, lakini kila mwalo una watoto wake waliobaki.

Na watoto hao huambiwa nini? "Baba amesafiri." Mtoto mdogo anaichukua kauli kama ilivyo: aliyesafiri hurudi, kwa hiyo anakwenda kumngoja mwaloni. Au "Baba amelala," na tangu hapo anaogopa usingizi. Au "Mungu alimpenda sana akamchukua," naye anaanza kumwogopa Mungu, na kuogopa mama yake asipendwe sana na Mungu. Najua maneno haya yanasemwa kwa huruma. Najua pia kwamba mlezi mwenyewe anakuwa hana nguvu ya kutamka lile jingine. Lakini mtoto wa miaka 4 au 5 bado hajashika kwamba kifo hakina kurudi, na neno la kuzungusha linamwacha mlangoni akisubiri.

Mtu anayemwamini zaidi amkalishe karibu, mchana, mahali pasipo na wageni, amwambie kwa maneno mafupi: "Baba yako amekufa. Upepo ulipindua mtumbwi, akazama. Mtu akifa mwili wake haupumui tena, hausikii njaa wala baridi. Hatarudi. Si kosa lako, hukufanya lolote lililomfanya afe. Mimi bibi yako nipo, na utaendelea kuishi hapa na mimi."

Kila sentensi hapo ina kazi yake. Ile ya njaa na baridi ni kwa sababu watoto huwaza kama baba anasikia baridi ndani ya maji. Ile ya kosa ni kwa sababu mtoto aliyemkasirikia baba jana yake anaweza kuamini hasira yake ndiyo iliyomzamisha. Ile ya mwisho inajibu swali asilothubutu kuliuliza: mimi je, nitakwenda wapi? Mambo ya imani yaongezeni baadaye, kama nyumba yenu ilivyozoea, lakini yasichukue nafasi ya neno "amekufa". Atauliza tena kesho, na kesho kutwa, swali lile lile. Jibuni vile vile.

Kama mwili haukupatikana, mpeni mtoto mahali pa kuelekeza majonzi yake: mti mlioupanda, picha ukutani, siku ya dua au ibada ambayo naye anakuwepo. Msimpeleke kwa jirani siku hiyo.

Kwa wazazi walioachana kanuni ni ile ile. "Mimi na baba yako hatutaishi tena nyumba moja. Si kwa sababu yako. Jumamosi utakwenda kwake." Na kama hiyo Jumamosi haina uhakika, usiitaje.

Hatua ya 3: Mtu mmoja, siku ile ile, saa ile ile

Chagueni mlezi mmoja atakayekaa na mtoto dakika 30, mara moja kwa wiki, siku ile ile na saa ile ile, kwa wiki 10. Nusu saa inatosha, ila iwe ni ya huyo mtoto peke yake. Simu izimwe, isiwekwe tu kimya. Watoto wengine wapelekwe kwa jirani, na waahidiwe kitu chao cha siku nyingine, la sivyo utakuwa umezaa ugomvi mpya wa wivu. Anayeuza samaki Kirumba achague saa ambayo mzigo umekwisha.

Kwa wavuvi wa dagaa nina ushauri mmoja ambao umenisaidia sana. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa wengi hupumzika. Baba asiahidi "kila Jumapili" kisha akakosa Jumapili mbili. Amwambie mtoto: "Mwezi ukiwa mviringo, tutakuwa na mkeka wetu." Mtoto atatazama juu kila usiku na kujua baba anakaribia, na hiyo peke yake imewatuliza watoto niliowaona. Vikao vya kila wiki viendelee na mama au bibi, cha baba kiwe nyongeza.

Ahadi ikivunjika, omba radhi kwa mtoto, taja siku nyingine, uitimize.

Hatua ya 4: Mfuko wa kuchezea

Huhitaji vitu vya dukani. Unahitaji vitu ambavyo mtoto anaweza kuvigeuza kuwa kitu kingine, vya aina tatu. Kwanza vya nyumbani na vya kulea: mdoli wa matambara, kitenge kidogo cha kumbebea, sufuria ndogo au makopo, vijiko, watu wachache wa kufinyanga au wa magunzi ili apate baba, mama, bibi, mtoto na mtu asiyejulikana ni nani. Pili vya kutolea hasira na hofu: kamba, gunia dogo lililojazwa matambara la kupigwa, nyoka wa mpira au wa kitambaa, mnyama mwenye meno. Tatu vya kuumba: udongo wa mfinyanzi, karatasi, penseli za rangi au mkaa, mchanga kwenye beseni, kikombe cha maji. Kwetu huku ongeza mtumbwi. Utengeneze kwa gome la mgomba, kwa ndala iliyochakaa au kwa galoni lililokatwa, lakini usikose. Gari la makopo na kipande cha bomba la sindano, bila sindano yenyewe, vinafaa pia kwa mtoto aliyelazwa hospitali.

Mchanga usiuchote ufukweni penye majimaji, wala maji ya kikombe yasitoke ziwani, kwa sababu ya kichocho. Chukua mchanga wa ujenzi, uchekeche, uanike juani siku kadhaa, na mikono inawe kwa sabuni kikao kikiisha.

Vitu hivi vikae ndani ya mfuko wao na vitoke siku ya kikao tu. Hili walezi huliona ni uchoyo, lakini mfuko unaotoka mara moja kwa wiki humwambia mtoto kuwa ile nusu saa ni tofauti na saa nyingine zote, na mambo yasiyosemeka kwingine yanaweza kuwekwa pale. Televisheni, simu na michezo ya kushindana kama karata au drafti havimo.

Tandika mkeka sehemu ile ile kila mara, mpaka wa mkeka uwe ndio mpaka wa kikao. Chumba kimoja cha kupanga Mabatini kinatosha, ukiwa umefunga mlango.

Hatua ya 5: Ndani ya nusu saa

Anza kila mara kwa maneno yale yale: "Huu ni wakati wetu. Hapa mkekani unaweza kucheza na vitu hivi karibu kwa namna yoyote unayotaka." Neno "karibu" ni la lazima, utaliona faida yake kwenye mipaka. Kisha kaa chini, mwili wote umwelekee yeye, unyamaze.

Kuna mambo manne ya kuacha, na ni magumu kwa sababu ndiyo malezi tuliyoyazoea. Acha kuuliza, hata "Unatengeneza nini?" Acha kufundisha, hata akimpaka ng'ombe rangi ya kijani. Acha kusifu, maana ukisema "nyumba nzuri" wiki hii, wiki ijayo atajenga nyumba ya kukufurahisha na kuficha ile iliyobomoka. Acha kuonya na kuhubiri. Kwa dakika 30 tu.

Badala yake sema unachokiona, taja hisia unayoiona, na umrudishie maamuzi yake. Mfano huu ni wa mama na binti wa miaka 7.

Mtoto anapanga vizibo. Mama: "Umevipanga mstari mrefu."
Mtoto: "Hawa ni abiria, wanapanda kivuko."
Mama: "Abiria wanapanda kivuko."
Mtoto: "Kimejaa. Huyu hapandi."
Mama: "Huyu amebaki nje."
Mtoto anainua kopo: "Mama, hiki ni nini?"
Mama: "Hapa mkekani kinaweza kuwa kitu unachotaka wewe."
Mtoto: "Ni wimbi." Analipiga beseni, vizibo vinatawanyika. "Wote wamekufa!"
Mama: "Wimbi limekuja ghafla, wote wamekufa. Inatisha."
Mtoto, baada ya kimya: "Huyu aliyebaki nje analia."
Mama: "Analia. Amebaki peke yake."

Mama huyu alikuja kuniambia kwamba pale kwenye "wote wamekufa" ulimi ulikuwa tayari kusema, "Hebu acha, Mungu apishe mbali!" Angesema hivyo, kile kizibo kilichobaki nje kisingelia. Mtoto angejifunza kwamba mama naye hawezi kulibeba jambo hili, na angelirudisha ndani. Mama alisubiri, basi mtoto akafika mwenyewe mahali palipokuwa panauma.

Angalia pia kwamba mama hakusema, "Aliyebaki nje ni wewe, sivyo?" Usifumbue fumbo la mtoto. Maadamu ni kizibo kinacholia, yeye yuko salama. Ukimwambia ni yeye, mchezo umekwisha.

Kama anakualika ucheze, mwulize kwa kunong'ona, "Nifanye nini?" kisha fanya hicho na usiongeze chako. Kama amekaa kimya nusu saa yote akigeuza mgongo, sema mara moja, "Leo hujisikii kucheza, na ni sawa, nipo hapa," ukae naye hivyo hivyo. Kikao cha namna hiyo hakijapotea.

Hatua ya 6: Mipaka

Mkekani mtoto anaweza kuwa na hasira, ila hawezi kukuumiza, kujiumiza, au kuvunja vitu kwa makusudi. Mpaka uwekwe wakati unapohitajika, usianze na orodha ya makatazo. Una sehemu tatu, kwa sauti ya kawaida: taja anachotaka, sema mpaka, mwonyeshe pa kupeleka hasira. "Naona umekasirika, unataka kunipiga na kijiko. Mimi si wa kupigwa. Gunia lile linaweza kupigwa." Rudia mpaka mara tatu. Asiposikia, mpe uchaguzi: "Ukichagua kunipiga tena, utakuwa umechagua kijiko kirudi kwenye mfuko." Akichagua hivyo, kirudishe bila kelele na kikao kiendelee.

Fimbo haina nafasi hapa, na kwa mtoto aliyeumia naomba isiwe na nafasi hata nje ya hapa. Kumchapa kikojozi kunamwongezea hofu, na hofu ndiyo inayomkojoza.

Zikibaki dakika 5 mjulishe, ikibaki 1 mjulishe tena. Muda ukiisha simama: "Muda wetu wa leo umekwisha. Tutakutana tena Jumapili." Usiongeze dakika hata akililia, kwa sababu mtoto aliyeona mambo yakikatika ghafla anahitaji mambo yanayoisha kama yalivyosemwa. Na vitu vilivyotawanyika vikusanye wewe. Bibi zetu hawalipendi hili kabisa, na ninawaelewa, lakini kumwamuru akusanye alichokimwaga ni kama kumwambia mtu ayafute machozi yake upesi. Usafi atajifunza saa nyingine zote za juma.

Kinachotokea wiki hadi wiki

Wiki mbili tatu za mwanzo atakupima: je, kweli huyu hatanikaripia? Kisha mara nyingi tabia nyumbani huharibika kidogo. Walezi wengi huacha hapo wakidhani mchezo umemdekeza. Vumilieni. Baadaye utaona mchezo mmoja ukirudiwa na kurudiwa, boti izame kila Jumapili. Tazama kama kuna kitu kinabadilika ndani yake: wiki hii wote wamezama, wiki ijayo mmoja ameogelea, nyingine kumetokea mtu wa kuvuta kamba. Mchezo unaosogea, hata kidogo kidogo, unaponya. Mchezo unaojirudia vile vile bila badiliko, mtoto amekakamaa, hasikii ukimsemesha, na anatoka amechoka na kuogopa kuliko alivyoingia, huo unahitaji mnasihi.

Andika mistari miwili mitatu kila baada ya kikao, akiwa hayupo. Usimsimulie shangazi wala mwalimu alichocheza mtoto. Mambo ya mkekani ni siri ya wawili, isipokuwa pale uhai au mwili wake uko hatarini.

Kuhusu wewe mwenyewe, mama uliyefiwa na mume au bibi uliyefiwa na mwana: kuna siku boti ile itakuliza wewe. Machozi mbele ya mtoto si kosa, mwambie tu, "Bibi ana huzuni, bibi atakuwa sawa." Lakini tafuta mtu mzima wa kukusikiliza, iwe ni kikundi chenu cha akina mama, shekhe, padri, mchungaji, au mnasihi. Baba akikataa mambo haya kwa kuona ni ya kitoto, usimvute kwa hoja. Mwambie Sheria ya Mtoto ya 2009 inautaja mchezo kati ya haki ambazo mzazi au mlezi anawajibika kumpa mtoto, kwenye orodha ile ile ya chakula, malazi, mavazi na matibabu, kisha mpe kikao kimoja cha mbalamwezi.

Akitamka jambo zito

Kuna siku mdoli atafanyiwa kitu ambacho mtoto wa umri ule hakupaswa kukijua, au mtoto mwenyewe atasema. Usipige kelele. Usimwulize mara nyingi nyingi nani, lini, ilikuwaje, maana kila anapohojiwa anaumia upya na maelezo yake yanavurugika. Sema: "Asante kwa kuniambia. Nakuamini. Si kosa lako. Nitatafuta watu wa kutusaidia." Usiahidi kuitunza siri hiyo.

Kama ni ukatili wa kingono na umetokea karibuni, nendeni hospitali haraka, kabla hajaogeshwa, na nguo zake zichukuliwe bila kufuliwa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayowahi ni bora. Baadhi ya hospitali zina vituo vya mkono kwa mkono ambapo daktari, ustawi wa jamii na polisi hupatikana pamoja. Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, hupigwa bure. Na wazee wakitaka jambo liishie nyumbani kwa faini, kataa. Wanaomaliza kifamilia wanalinda familia na kumwacha mtoto akimwamkia shikamoo aliyemuumiza.

Wakati wa kwenda kwa mnasihi

Usisubiri wiki 10 ziishe kama mtoto anasema anataka kufa au kumfuata marehemu, anajiumiza, anaumiza wanyama au wadogo zake, ameacha kula, hajalala vizuri kwa wiki kadhaa, au amerudi nyuma kwa mambo aliyokwisha kuyaweza. Anzia kituo cha afya au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, akuelekeze. Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, ina huduma za afya ya akili.

Mnasihi mzuri wa watoto ataomba kwanza kukuona wewe mlezi bila mtoto. Atakuwa na vitu vya kuchezea au karatasi na rangi. Hatamkalisha mtoto kwenye kiti na kumtaka asimulie. Atakueleza maendeleo kwa ujumla bila kukutajia kila kilichochezwa. Mwulize amefundishwa wapi kufanya kazi na watoto, vikao vitakuwa vingapi, na wewe nyumbani ufanye nini. Akikwambia ataondoa tatizo kwa siku moja, au akimtisha mtoto mbele yako, tafuta mwingine.

Kumaliza

Kuanzia kikao cha 7 anza kuhesabu naye: "Vimebaki vitatu." Weka mawe matatu kwenye kona ya mkeka, atoe moja kila wiki. Kikao cha mwisho kiwe kama vingine, hakina zawadi kubwa wala karamu, ila mwache achague kitu kimoja cha kubaki nacho kutoka kwenye mfuko. Mjukuu wa yule bibi alichagua mtumbwi wa ndala. Wiki ya nne alikuwa amemuuliza bibi yake, akiwa ameinamia mchanga, kama baba alisikia baridi, na bibi akamjibu.

Mfuko usiutupe, uweke juu ya kabati. Watoto wengi huuomba tena mwaka unapozunguka na siku ya msiba kurudi, au mdogo wao anapozaliwa, au mama anapoolewa upya. Akiuomba, tandika mkeka.